Mlango Uliokatwa Mara Mbili

Kariakoo, Dar es Salaam

Nyamizi mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Mwangaluka, salamu ya kwetu kwanza. Shikamoo yako ya kwenye barua nimeipokea, nimekuitikia marahaba kwa sauti hapa barazani mpaka wapita njia wakageuka. Hali yangu usiisumbukie. Nipo, nakula, natukana watu. Wewe je? Magoti yanakupa nafasi ya kulala? Wale kuku weusi bado wanataga? Na macho, Nyamizi. Hayo mengine nimeyatanguliza kwa adabu tu, ninachouliza mimi ni macho.

Anayeniandikia ni Elia, mpangaji wangu wa chumba cha uani, Mchaga, karani kwenye duka moja la jumla la nguo. Ni mtu wa kanisani na wa maneno mazuri. Alitaka kuanza na heshima na taadhima. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni akanikojolea, taadhima ya nini? Andika ninavyosema. Na wewe Maganga, mtoto wa kaka yetu, unayemsomea shangazi yako, usiruke neno hata likiwa chungu. Nitakuja kumuuliza.

Barua yako Elia alinisomea asubuhi, makuli wa bandarini wameshamaliza chai na kuondoka. Alipofika pale uliposema jicho la kushoto limefunga kabisa, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia, na daktari amesema nalo liko njiani, akataka kuikunja barua. Nikamwambia endelea. Akasoma: "Dada, njoo nikuone uso kabla hakujaingia giza." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikaenda kukanda unga wa maandazi ya kesho yake, saa nne asubuhi, unga ambao hauhitajiki, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kitu cha kuinua. Nafagia palipofagiliwa. Gari moshi likipiga honi stesheni, moyo unaruka kama nimeitwa jina. Wateja wamenizoea, wananiambia bibi leo umemeza siafu. Nawaambia nimemeza barua.

Najua mlivyosema huko mliponiona kimya. Mlisema, atatuambia mlango. Ndiyo, miaka tisa nawaambia mlango. Tangu marehemu shemeji yako aliponiachia nyumba hii, nikavunja ukuta wa chumba cha mbele nikafungua hoteli ya chai, pale mbele pamekuwa wazi kama kinywa cha mpumbavu. Jioni napanga mbao kumi na mbili, moja moja, halafu natandika mkeka nyuma yake nalala hapo hapo na samovari yangu ya kuchemshia chai na gunia la sukari. Wezi wameng'oa mbao mara mbili. Mara ya pili walichukua vikombe vyote wakaniachia visahani. Kwa hiyo nikisema siwezi kuondoka, sikuwa nadanganya. Hata mama alipokufa nilisema hivyo. Nilituma sanda na salamu, nikabaki nalinda sukari. Hilo tutalizungumza, lakini si kwa mkono wa Elia.

Basi, mlango nimeupata. Njia ya kuelekea bandarini kuna Mhindi mmoja alikuwa anabomoa ghala la marehemu baba yake ajenge ghorofa, na wabomoaji wake walikuwa wanakunywa chai kwangu. Asubuhi moja msimamizi wao akasema kuna mlango wa chuma unawazibia njia, ule wa kusukuma juu ukajiviringisha kama mkeka, nani anautaka? Nikasema mimi. Wakacheka. Nikafunga kanga kiunoni, nikaacha birika motoni, nikafuatana nao. Yule Mhindi akanitazama, akasema, mama, huu ni futi kumi na moja, kwako pana upana gani? Nikamwambia kwangu pana upana wa shida. Akasema chukua, usirudi kunilaumu.

Ukapakiwa kwenye mkokoteni, wanaume wanne wanasukuma, mimi nyuma nimeshika lile bomba lake la kujiviringishia lisibingirike. Pale Mnazi Mmoja siku hiyo palikuwa na mkutano, watu wamejaa wanasikiliza siasa, tukapita katikati yao chuma kinalia kama sufuria elfu. Mwanamume mmoja akaniuliza, "Bibi, umehamisha jela?" Nikamjibu naam, na chumba chako kipo.

Sasa nikutambulishe kwa fundi, maana bila yeye hakuna hadithi. Anaitwa Pazi, Mzaramo, mtu mzima wa makamo yetu. Zamani alikuwa karakana ya bandarini, siku hizi anatengeneza makufuli na majiko mtaa wa tatu kutoka hapa. Yeye Mzaramo mimi Mnyamwezi, unajua maana yake. Watani tangu babu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani na babu zake wakiwacheka. Kila asubuhi anakuja kunywa chai na kuniuliza kama leo nimepagazwa mzigo gani. Mimi namuuliza ngoma imekwisha au amekuja kulala tu. Mwaka juzi alichukua kuku wangu mbele ya macho yangu, akamla, na sikuwa na pa kushtaki. Ndivyo ilivyo.

Upenyo wangu ni futi nane, mlango futi kumi na moja. Nilidhani mtu anakata tu upande mmoja kama anavyokata kanga. Sivyo, mdogo wangu. Mlango ule ni mbavu nyingi za bati zilizoshikana, ubavu kwa ubavu, zinajiviringisha kwenye bomba, na ndani ya bomba kuna springi nene kama mkono wangu. Kabla ya kugusa chochote lazima springi ilegezwe. Pazi alichomeka nondo kwenye tundu la bomba, akawa anairudisha mzunguko mmoja mmoja, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutania. Alisema, "Mtu asisimame mbele ya nondo hii. Ikiniponyoka inavunja taya." Tukasogea. Hilo lilipaswa kunifundisha kitu, lakini sikufundishika.

Akazichomoa mbavu moja moja kwa pembeni, akaziandika namba kwa chaki zisije zikapotezana, akakata kila moja kwa msumeno wa chuma, akapiga tupa, akarudishia kwa ribiti kibati cha mwishoni kinachozuia ubavu usichomoke. Ubavu wa chini kabisa, ule mzito wenye kitasa katikati, huo akaukata huku na huku sawasawa, maana ukikata upande mmoja tu kitasa kinahamia kwenye kona. Siku sita anasugua chuma barazani kwangu. Wateja walikunywa chai yenye unga wa chuma, hakuna aliyekufa.

Siku hizo sita aliutazama ukuta wangu. Unakumbuka nyumba za huku, fito na udongo, juu chokaa. Akaugonga kwa ngumi, akasema, "Bibi Mnyamwezi, ukining'iniza chuma hiki kwenye ukuta huu, utakufunika wewe na maandazi yako, na mimi mtani wako ndiye nitakayekuja kuchukua sahani za msibani." Nikacheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Nikamwambia, Mzaramo akichoka kazi husingizia ukuta. Kesho yake akarudia: ameshaenda kumwambia mkewe aoshe nguo nyeusi. Nikamwambia nguo nyeusi anazo moja tu na ndiyo hiyo amevaa. Siku ya tatu akasema kaburi langu litatosha futi nane, hatahangaika kupima. Watu wote walicheka, na yeye pia alicheka, kwa sababu mtani hawezi kuacha kucheka mwenzake anapocheka. Nikamwambia funga, nina gari la kuwahi. Akanitazama kidogo. Akafunga.

Ile mikono miwili ya chuma inayobeba bomba akaipigilia kwenye miti ya juu ya ukuta. Mlango ukapanda, ukashuka. Kwa vile umepunguzwa na springi ni ileile, ulikuwa unapanda kwa hasira. Mara ya kwanza ulinyakua ncha ya kanga yangu ukaenda nayo juu, nikabaki nimesimama na nusu ya heshima. Lakini nilifurahi, Nyamizi. Nilimtuma Elia stesheni aulize siku za gari.

Siku ya pili, saa ya chai, niko barazani namimina, nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi. Nikageuka. Ukuta wote wa juu ulikuwa unainama taratibu, kama mzee anayetaka kurukuu, halafu bomba na mbavu na udongo na chokaa vikashuka pamoja. Samovari ya shaba ililaliwa, imekuwa bapa kama chapati. Mimi ulinigusa mguu tu, ukavimba, umeshanywea, usishtuke. Makuli watatu waliokuwa wamekaa ndani walikuwa wametoka dakika hiyohiyo kwenda kumtazama mtu aliyekuwa anagombana na mkewe njiani. Huyo mke namwombea dua kila siku.

Pazi alikuja mbio. Nilikuwa nimekaa chini juu ya vumbi langu, nimemkasirikia kweli, si kwa utani. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Nimekuambia mara tatu."

"Umenitania mara tatu."

"Sasa nikuambieje? Mtani wako akikuambia kwa uso mkavu kuwa nyumba yako mbovu, hiyo si matusi? Ungenifukuza."

Nikafikiri. Ningemfukuza kweli. Nyamizi, niliketi pale nikaona ujinga wetu wote wawili umelala kifusini. Yeye alikuwa na neno la kweli na hana mlango wa kulipitishia. Mimi nilikuwa na masikio yaliyozoea kucheka sauti yake. Tungeua watu kwa kuchekeshana.

Nikamwambia, Pazi, tuuweke utani chini. Mpaka mlango huu usimame, wewe si Mzaramo na mimi si Mnyamwezi. Akaniuliza, yawezekana? Nikasema tujaribu. Akaweka mkono kifuani akasema, "Sawa, Bibi Kalunde." Miaka kumi na tano hajawahi kuniita jina langu. Nilihisi kama nimevuliwa nguo.

Zilikuwa siku za dhiki. Asubuhi anakuja, "Habari za kuamka, Bibi Kalunde." "Nzuri, Bwana Pazi, karibu chai." "Ahsante." Kisha kimya, kama watu wawili wanaongoja kuitwa barazani kwa kadhi. Majirani wakadhani tumegombana, wakatuletea wazee wa kutupatanisha, na Pazi akawaambia kwa upole hapana ugomvi, tunafanya kazi. Lakini kazi ilikwenda. Akasema bila kuzunguka kuwa ukuta usibebe kitu chochote. Tukachimba mashimo mawili ndani, tukasimamisha nguzo mbili za mbao ngumu, tukashindilia mawe, na boriti nene ikalala juu yao, ili mlango ujisimamie wenyewe na ukuta ubaki kuwa pazia tu.

Lakini nguzo zikisimama ndani zinakula nafasi. Kila upande shibiri nzima. Mbavu zilizokwisha kukatwa futi nane sasa ni ndefu. Pazi alizitazama, akanitazama. Nilijua kile kilichokuwa kinywani mwake, na alikimeza kwa taabu mpaka nikamwonea huruma. Akachukua msumeno, akaanza upya, ubavu wa kwanza.

Ni katika kukata huko mara ya pili aliponiuliza. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya ubavu usitikisike. Hakuinua macho.

"Bibi Kalunde, unataka mlango, au unataka kwenda Tabora?"

Nikamwambia swali gani hilo, nataka mlango ili niende.

"Mama yake Mwanaidi hapo jirani ana mbao kama zako. Kila mwaka anapigilia misumari anakwenda kwao Kilwa miezi miwili. Akirudi, kama wameiba, analia siku moja anaanza tena."

Akaendelea kukata. Ningekuwa na utani ningemjibu vizuri sana, Nyamizi, ningemwambia huyo ni mtu wa pwani, mali yake ni marashi. Lakini utani tulikuwa tumeuweka chini na sikuwa na pa kujifichia. Nikashika ubavu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zikaisha zote.

Jibu lake nakupa wewe. Nilikuwa naogopa. Mama alipokufa uliosha maiti peke yako, ukapokea watu peke yako, ukajaza maji mitungi ya watu arobaini, na mimi nilituma sanda. Tangu hapo kila nikifikiri kushuka kwenye gari stesheni ya Tabora nauona uso wako unanitazama. Si kufumba kwa macho yako kulikonitisha. Yalinitisha yakiwa mazima. Basi nikashika mlango. Mlango ni kitu kizuri cha kushika, hakikuulizi kitu. Na ulipoandika kuwa macho yanakwenda, lipo jambo moja lilinipitia moyoni ambalo sitalisema hapa, ila lilinipitia, na ndipo nikaona nisipokuja sasa mimi ni mtu mbaya kabisa. Elia ameweka kalamu chini. Mwambie Maganga asome tu, Elia ameishika tena.

Mlango umesimama. Pazi amelegeza springi mizunguko mitatu, sasa unapanda kwa adabu. Juzi alasiri niliushusha kwa mkono mmoja kutoka nje, mbavu zikateremka zikaongea, kitasa kipo katikati sawasawa, nikapiga kufuli. Watu walipiga makofi. Mimi nikasimama nje ya hoteli yangu mwenyewe na ufunguo mkononi, sina pa kwenda kulinda. Pazi alifuta mikono, akanisogelea, akauliza, umesimama? Nikasema umesimama. Akasema, "Basi Mnyamwezi, futi kumi na moja umezifanya sita na nusu. Ungebaki na mbao ungekuwa umeshafika kwenu kwa miguu kama babu yako, na mzigo kichwani." Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, mpangilio siukumbuki.

Ufunguo nimempa yeye. Elia amekasirika, anasema mtani ana haki ya kuchukua chochote na huwezi kumshtaki, bora ungenipa mimi. Ndiyo maana nimempa. Asiyeweza kuniibia ndiye pekee asiyeweza kunivunja moyo. Ameahidi kula sukari yote na kuwaambia makuli kuwa nimeolewa na mkuu wa stesheni. Na aile.

Tiketi ninayo. Barua hii inatangulia na gari la leo, mimi nafuata na linalofuata. Mwambie Maganga anipokee na mkokoteni, kwa sababu nakuja na chuma: vile vipande vyote vilivyokatwa mara ya kwanza na ya pili. Vya kwanza vitatosha banda la kuku, mvua isiwanyee. Vya pili, vile vya shibiri, sijui bado. Nimeshindwa kuvitupa.

Sasa sikiliza kuhusu uso. Umezeeka. Jino la mbele halipo, na shavu la kulia lina alama ya mafuta ya maandazi. Usinionee haya, tazama upesi na tazama sana, nitakaa juani unapotaka nikae, nitageuka utakavyo kama ng'ombe wa mnadani. Na kama nitakuta pazia limeshafunga, utanishika kwa mikono, na ukitaka kunipiga kwanza kabla ya kunishika, piga, nitakaa vilevile. Lakini nikichelewa sitakuambia tena ni mlango.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, mwambie deni la maneno aliloniwekea nakuja kulisikiliza nimekaa. Msalimie shemeji, mume wako, mvumilivu wa watu. Yule mama mkunga aliyenizalisha binti yangu, kama bado yu hai, mwambie binti yupo Morogoro ana watoto wanne na wote wana kelele. Maganga nimeshamsemesha hapo juu, asitake mara mbili. Na ukipita kaburini kwa mama kabla sijafika, usimwambie nakuja. Nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Kalunde

Hapa chini nimebonyeza kidole gumba. Elia anasema nimetia wino mwingi. Mwambie Maganga akichukue kidole chako akiweke juu ya changu. Utakiona kikubwa, ni cha masufuria. Kiache hapo kidogo, nipo njiani.